Maziwa Machungu ya Kilo

Shangazi yangu alikuwa amelificha kopo lile chini ya kitanda, nyuma ya beseni, kama mtu anavyoficha pesa za shule ya watoto. Lilikuwa kopo jeupe lenye picha ya ng'ombe na moyo mwekundu. Aliyemwuzia hapa Bunia alimwambia kwamba ndani mna peptidi, dawa iliyotolewa kwenye maziwa, na kwamba vijiko viwili kila asubuhi vingemtosha, aachane na vidonge vya presha. Akaachana navyo. Wiki ya tatu tulimbeba usiku kwenda hospitali, mdomo umepinda, jina langu limemshinda kutamka.

Leo analitamka. Mkono wa kushoto bado mzito, lakini anakaa barazani, anachambua sombe kwa mkono wa kulia, na akili yake ni ile ile iliyonilea. Siku moja akaniuliza: "Mutoto yangu, ile dawa walisema inatoka ku maziwa. Maziwa si iko huku kwetu? Sasa juu ya nini ilipanda ndege?"

Nilifanya kazi katika maabara ya hospitali miaka kumi na miwili kabla ya kushika kalamu, lakini jibu kamili la swali hilo sikuwa nalo. Nikamwambia nitakwenda Kilo, kwao, kwenye nyumba ya babu ambayo bado imezungukwa na mipapai, nikajaribu kwa mikono yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniagiza niwapelekee binamu zangu chumvi na sabuni.

Tuliondoka Bunia alfajiri, mimi na motari wangu. Kwenye mfuko nilikuwa na mizani ndogo ya maabara, kipima joto, karatasi za kupimia uchachu, wembe mpya na bakuli tatu za kioo nilizozifunga kwa kitenge. Tulishika barabara kubwa ya Mahagi hadi Iga-Barrière, kisha tukaiacha na kuelekea Nizi, tukaingia kwenye vilima vya Djugu. Vilima hivyo ni vizuri kuliko maneno yangu. Lakini kijani chake kina mapengo: msingi wa nyumba bila nyumba, mgomba uliozaa na hakuna wa kuukata. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 watu wa Djugu wamekimbia mashambulizi, wamerudi, wamekimbia tena, na motari alipita sehemu nyingine bila kusema neno mpaka tulipozivuka.

Kwenye bariere mwanajeshi mmoja alifungua mfuko wangu akaiona mizani. Katika nchi hii mizani ndogo maana yake ni dhahabu. Akaniuliza ninanunua wapi na kwa nani. Nikamwambia, "Chef, ninaenda kupima maji ya paipai." Alinitazama kwa muda. Kisha akasema mama yake, kila akipika mbuzi mzee, huifunga nyama kwenye majani ya mpapai usiku kucha, na asubuhi inakatika kwa kidole. Akanirudishia mizani kwa mikono miwili.

Mwanajeshi yule alikuwa amenifundishia somo langu lote kwa sentensi moja. Nyama ya mbuzi ni protini, na protini yoyote, iwe ya nyama, ya maziwa, ya maharage au ya samaki wa ziwa Albert wanaoshushwa Tchomia na Kasenyi, ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Aina zake ni 20 tu, lakini zinapangwa kwa namna zisizohesabika. Mpapai una kimeng'enya kinachoukata mnyororo huo. Kila kipande kifupi kinachotoka ni peptidi. Vingi ni chakula tu, tumbo litavimalizia. Vichache, kwa sababu ya mpangilio wao, mwili huvisoma kama amri: punguza sukari, kaza mfuko wa uzazi, legeza mishipa. Insulini ni amri ya namna hiyo, asidi amino 51. Oksitosini, inayomsaidia mama asivuje damu baada ya kuzaa, ina 9 peke yake.

Nikiwa juu ya pikipiki nilijitungia mfano wa kumweleza shangazi. Dhahabu ndiyo iliyoiandika Kilo kwenye ramani ya dunia. Mwaka 1903 watafiti wawili kutoka Australia waliiona katika vijito vya eneo hili, na mwaka 1926 Wabelgiji wakaunda kampuni ya Kilo-Moto, ambayo warithi wake leo wanaitwa SOKIMO. Basi nitamwambia shangazi: peptidi zimelala ndani ya maziwa kama dhahabu ilivyolala mchangani, kazi ni kuchekecha tu. Niliuona mfano mzuri. Siku tatu za Kilo ziliuvunja.

Binamu yangu mkubwa, ambaye sote tunamwita Kaka, aliniamsha saa kumi na moja na nusu, kabla umande haujakauka. Mpapai hukamuliwa asubuhi, wakati tunda limejaa maji na utomvu unakimbia. Tulichagua matunda makubwa lakini mabichi, yale ambayo hayajaanza hata doa la njano, maana likiiva utomvu umekwisha. Kaka alichora kila tunda mistari minne kutoka juu hadi chini, mistari ya juujuu, kina cha unene wa ukucha. Ukizamisha wembe unalipasua tunda, na mvua ikiingia linaoza juu ya mti. Utomvu ulitoka mweupe kabisa, mwepesi kama maziwa ya mama, ukakimbia kwenye mistari na kudondoka bakulini. Kabla ya kuhesabu mia moja ulikuwa umekoma na kuanza kuganda vidonge vidonge. Matunda sita yalitupa kama vijiko vitatu.

"Usiguse macho," Kaka alisema. Akanionyesha ncha za vidole vyake. Ujanani aliwahi kukamua mipapai kwa kibarua, upande wa Beni, na ngozi ya vidole ilikuwa imelika mpaka alama za vidole hazionekani. Kimeng'enya hakijui tofauti ya nyama ya mbuzi na ya mtu. Nilivaa glavu, yeye zamani hakupewa.

Huko Beni utomvu huo ni biashara ya zamani. Kampuni ya ENRA, iliyojulikana pia kwa mbao, ilianza na vimeng'enya, na hata herufi za jina lake zinatokana na kazi ya kuvisafisha. Wafaransa Wurtz na Bouchut walikipa kimeng'enya hiki jina la papaini mwaka 1879. Enzi ya ukoloni Kongo ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa papaini duniani, na Tanganyika nayo iliuza. Wenye viwanda vya bia waliitaka ili bia isipate ukungu ikipoa, wachinjaji waliitaka kulainisha nyama, wafamasia waliitaka kwa dawa za kusaga chakula. Mwaka 1982 Marekani iliruhusu hata kimeng'enya ndugu yake, kimopapaini, kichomwe kwenye uti wa mgongo wa wenye maumivu ya diski. Yote hayo ni utomvu wa mti ambao kwetu unaota nyuma ya choo bila kupandwa.

Maziwa tulinunua kwa mama mmoja, lita mbili kwenye bidoni ya njano. Tuliyapasha jikoni kwa kuni mpaka kipima joto kikasoma 55, tukayagawa kwenye bakuli mbili. Ya kwanza tuliiacha kama ilivyo. Ya pili nikatia utomvu niliouyeyusha kwenye maji safi na kuuchuja, kiasi cha nusu kijiko. Bakuli ya tatu ilibaki ya kuonjea.

Watoto wote wa boma walikuwa wamezunguka. Katika dakika chache maziwa ya bakuli ya pili yaliganda, yakawa kama mtindi mzito. Mmoja wao akapiga makofi akidhani tumemaliza. Nikamwambia asubiri. Tuliiweka bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, Kaka akichochea makaa na mimi nikisoma kipima joto. Baada ya saa moja donge lilianza kulegea pembeni. Baada ya saa tatu hapakuwa na donge. Palikuwa na maji ya rangi ya manjano hafifu yenye mafuta juu. Bakuli ya kwanza ilikuwa bado maziwa.

Binti mdogo wa Kaka alichovya kijiko, akakirudisha haraka na uso umekunjamana. "Ni chungu! Ni kama kinini!"

Uchungu ule ndio niliokuwa nimeufuata kutoka Bunia. Kaseini, protini kubwa ya maziwa, haina ladha ya kusema. Ukiikata, sehemu zilizokuwa zimejikunja ndani, zile zisizopenda maji, zinatokea nje na ulimi unazikamata. Mtoto yule alikuwa ameonja peptidi, maelfu ya aina kwa mara moja, kwa kijiko cha bati. Niliandika daftarini: saa ya kukamua, uzito wa utomvu, joto, muda, uchungu. Moyo wangu ulikuwa juu.

Siku ya pili tukarudia. Mipapai ile ile, mama yule yule wa maziwa, sufuria ile ile. Donge lilichelewa, halikuyeyuka lote, na uchungu ulikuwa mdogo. Siku ya tatu likayeyuka upesi kuliko siku ya kwanza na ladha ikawa nyingine kabisa, chungu yenye chumvi. Nilikaa na daftari langu nikitafuta sababu, nikazipata zote mahali pake: siku ya pili utomvu ulikaa juani wakati tukinywa chai, na maziwa yalikuwa yameongezwa maji, siku ya tatu kuni zilikuwa kavu zaidi na joto lilipanda mpaka 65 nilipokuwa nikizungumza na jirani.

Hapo ndipo mfano wangu ulipovunjika. Dhahabu ipo mchangani kabla ya sepetu kufika. Aichekeche mzee au kijana, leo au kesho, inayobaki kwenye karai ni dhahabu ile ile. Peptidi haipo. Inazaliwa pale mnyororo unapokatwa, na ukikatwa pengine, kwa joto jingine, kwa muda mwingine, zinazaliwa peptidi nyingine. Bakuli za siku zile tatu za Kilo zilikuwa dawa tatu tofauti, kama zilikuwa dawa. Nilitamani shangazi angekuwepo ale kijiko kimoja cha kila bakuli, aone.

Kwa hiyo anayesema atatengeneza peptidi kwa tani hasemi habari ya bakuli kubwa. Anasema habari ya kufanya kazi ya leo ifanane na ya jana mpaka mwisho wa mwaka. Inatakiwa mitungi ya chuma kisichoshika kutu, yenye kukoroga na kushika joto bila kupanda wala kushuka. Uchachu upimwe kila mara. Muda ukifika, mchanganyiko upandishwe haraka hadi karibu na kuchemka ili kimeng'enya kife, na papaini ni mbishi wa moto kuliko wenzake wengi. Kisha maji hayo yasukumwe kwa nguvu kupitia tando zenye vitundu visivyoonekana, vinavyopitisha vipande vidogo na kuzuia vikubwa. Yanayobaki yanyunyiziwe kama ukungu ndani ya mnara wa hewa moto, yadondoke chini yakiwa unga. Na mwisho, jambo ambalo kopo la shangazi halikuwa na dalili yake, kila mkupuo upimwe kwa mashine inayoweza kusema: peptidi ile tunayoitaka imo, kiasi hiki, na hakuna kilichoingia ambacho hatukukitaka.

Nilifika Kilo nikidhani kikwazo ni mashine hizo. Kumbe kipo kingine, nilikutana nacho kwa sababu ya ndoo ya maji.

Asubuhi ya siku ya pili mtoto wa Kaka, kijana wa miaka kumi na tisa anayefanya kazi kwenye kariere, machimbo ya dhahabu, alijitolea kwenda kuchota maji kijitoni, hatua mia mbili tu kutoka nyumbani. Nikamwuliza dhahabu wanaisafishia wapi. Akaonyesha juu ya kijito hicho hicho. Tukaenda pamoja kutazama. Walikuwa vijana watano, maji ya kahawia mpaka magotini. Mmoja wao alimimina tone la zebaki kwenye karai, akaukoroga mchanga mweusi kwa kiganja kitupu mpaka zebaki ikakusanya punje zote zisizoonekana, akauminya mkusanyiko ule ndani ya kitambaa. Zebaki ya ziada ikapenya kwenye nguo, ikang'aa, ikaanguka majini. Donge lililobaki alilichoma juu ya makaa, kwenye kifuniko cha kopo, na moshi wake ulimpita usoni. Tuliporudi nilimwambia kijana wetu kila ninachojua juu ya moshi huo. Akanisikiliza kwa heshima. Akasema anajua, na kwamba PDG, yaani mwenye shimo, hana njia nyingine ya kuwaonyesha.

Maji ya kijito hicho sikuyatumia. Papaini hukata protini kwa kutumia kipande chake kimoja kidogo, asidi amino iitwayo sisteini, iliyo ya 25 katika mnyororo wake wa asidi amino 212, na penye sisteini pana salfa. Zebaki inaipenda salfa. Ikiikuta inashikamana nayo, na kisu kinakuwa butu palepale. Jambo hili linajulikana vizuri hata wanakemia waliosafisha papaini katikati ya karne iliyopita waliifunga kwa zebaki makusudi ili itulie, wakaja kuifungua baadaye. Na zebaki inayofunga papaini bakulini inafunga vimeng'enya vya ini, vya figo na vya ubongo wa mtoto kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo tulikwenda kuchota kwenye chemchemi, mbali, upande wa misheni, tukarudi na ndoo kichwani.

Nasema hivi bila kuzungusha: bonde moja haliwezi kuwa na zebaki mtoni na kiwanda cha dawa ukingoni. Serikali ya mkoa itakayoruhusu moja imeshakataa jingine. Kilo imekuwa na dhahabu zaidi ya miaka mia moja, na nyumba ya babu yangu haijawahi kuwa na bomba.

Umeme nao una historia ya namna hiyo. Maporomoko ya Budana, kwenye mto Shari, yalijengewa mitambo enzi ya Wabelgiji ili kuendesha migodi ya Kilo-Moto. Nyaya zilielekezwa kwenye mawe, si kwenye maziwa. Kiwanda cha peptidi kinahitaji umeme usiokatika, kwa sababu ukikatika katikati ya kukoroga, kimeng'enya kinaendelea kukata gizani na mkupuo mzima unakwenda na maji. Kinahitaji pia baridi. Wako wanaosema baridi haiwezekani huku kwetu. Hao nawakumbusha kwamba wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 chanjo inayotunzwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri ilifika Beni, ikafika Mambasa, ikapita kwenye barabara hizi hizi, na zaidi ya watu laki tatu wakachanjwa. Baridi ilifika kwa sababu iliamuliwa ifike.

Kwenye kituo cha afya nilionyeshwa friji ya jua. Muuguzi, mama wa makamo, aliifungua nusu na kuifunga upesi kama mtu anayelinda mtoto mchanga na upepo. Ndani, kwenye kikapu kidogo, mlikuwa na vichupa vya oksitosini. Nikamwambia kwamba zile ni peptidi, asidi amino tisa tu, na kwamba mtu aliyezitengeneza kwa mara ya kwanza, Vincent du Vigneaud, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1955. Akaniuliza kwa nini zinaharibika na joto. Tukaongea muda mrefu, na mwishoni nikampa hadithi ambayo kila Mkongomani angepaswa kuisikia shuleni.

Mwaka 1960 daktari Mnorwe, Lorents Gran, alikuja Kongo na Msalaba Mwekundu. Huko Kasai aliwaona wanawake Waluluwa wakichemsha mmea waliouita kalata-kalata na kunywa maji yake ili uchungu wa uzazi uende haraka. Alibeba mmea huo, akautafuta ndani, na katika miaka ya 1970 akatangaza kwamba kinachofanya kazi ni peptidi. Ilichukua mpaka mwaka 1995 kwa wanasayansi kuliona umbo lake: asidi amino 29, mwanzo umeunganishwa na mwisho kama pete, na ndani ya pete vifungo vitatu vinavyofanya fundo moja. Ndiyo maana ilichemshwa na haikuharibika, ikanywewa na tumbo halikuimaliza. Peptidi hiyo inaitwa kalata B1 mpaka leo, katika maabara za dunia nzima, kwa neno la wanawake wa Kasai. Muuguzi alishika mlango wa friji akarudia taratibu: "Ilichemshwa, na haikuharibika."

Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu kama shangazi. Peptidi nyingi za maziwa, ukizimeza, tumbo linazikata tena kama linavyokata chakula chochote. Wajapani walipochunguza maziwa yaliyochachushwa, katika miaka ya 1990, walikuta peptidi mbili fupi mno, za asidi amino tatu tatu, ambazo zinaponyoka tumboni na kuzuia kimeng'enya kinachobana mishipa ya damu. Walitengeneza kinywaji, wakakiuza kwa ruhusa ya serikali yao. Presha ilishuka, kidogo. Ulaya ilipoulizwa, mamlaka yake ya usalama wa chakula ilijibu mwaka 2012 kwamba ushahidi hautoshi. Kopo la shangazi lilikuwa limesimama juu ya hadithi hiyo, likaondoa neno "kidogo" na neno "hautoshi".

Na kuna jambo liliniuma zaidi nilipolikumbuka pale Kilo. Mwaka 1965 Mbrazili Sérgio Ferreira alichapisha habari za peptidi alizozikuta kwenye sumu ya nyoka wa kwao, ambazo baadaye zilionekana kuzuia kimeng'enya hicho hicho kinachobana mishipa. Kwa kuzitazama, wanakemia walichonga kidonge kidogo kisichoharibiwa na tumbo, kikaingia hospitalini mwaka 1981. Kinaitwa kaptoprili. Ndicho kidonge shangazi alichoambiwa akitupe. Faida ya peptidi ilikuwa tayari mkononi mwake, imepimwa, ina tarehe na namba ya mkupuo, kwa bei ya hospitali. Akaitoa akachukua unga.

Hata protini iliyokatwakatwa kwa nia njema yaweza kukosea. Mwaka 1945, Waingereza walipoingia kambi ya Bergen-Belsen huko Ujerumani na kuwakuta watu wamebaki mifupa, walileta protini zilizokwisha kumeng'enywa, wakiamini matumbo yaliyochoka yatazipokea. Ladha ilikuwa mbaya, wagonjwa hawakuzistahimili, na maziwa yaliyoondolewa mafuta yakawafaa zaidi. Mtoto wa kambi za wakimbizi wa Djugu mwenye kwashakoo, tumbo limejaa na nywele zimekuwa nyekundu, hahitaji peptidi. Anahitaji maziwa ya tiba, maharage, karanga, samaki, na usiku mmoja bila risasi. Kazi halisi ya protini zilizokatwa, ninayoiamini, ni ya watoto wachanga ambao miili yao inakataa maziwa ya ng'ombe. Kwao minyororo mifupi ni uhai, na makopo yake huku kwetu ni adimu na ghali.

Basi mkoa wetu wa Ituri uanze wapi? Niliulizana na Kaka swali hilo usiku wa mwisho, tukiwa tunakausha utomvu uliobaki juu ya sinia, kwa moto mdogo, mkono ukiweza kuvumilia. Yeye ana jibu la mkulima, na nimelikubali. Tuanze na kisu kabla ya kukata: papaini iliyo safi, iliyokauka siku ile ile, yenye nguvu inayojulikana. Nayo ikatumike kwanza kwenye vinavyotupwa, maji yanayobaki tunapotengeneza jibini, vichwa na mifupa ya samaki wa ziwa Albert, tupate chakula cha kuku na cha ndama. Hapo hakuna mgonjwa atakayedhurika tukikosea, na mikono itajifunza kurudia. Dawa ije mwisho, ikishikwa na watu waliokwisha kuzoea kupima. Bukavu walipita njia ndefu ya namna hiyo: Pharmakina ilitoa kwinini kwenye magome ya mti kwa miongo mingi kabla ya kutengeneza vidonge vya Ukimwi mwaka 2005. Tuna kituo cha utafiti cha INERA pale Nioka, tuna Chuo Kikuu cha Bunia. Wanafunzi wake wawe na mtungi mmoja wa lita mia, maji safi na daftari.

Niliporudi Bunia shangazi aliuliza kama nimeileta ile dawa. Nikamwonyesha unga wa utomvu, gramu tano na nusu, kwenye kichupa. Nikamweleza bakuli za siku tatu. Alifikiri, akasema: "Kumbe si maziwa ndiyo yalipanda ndege. Ni ile kufananisha."

Wewe mwenye mipapai Djugu, Irumu au Mambasa, kamua alfajiri kwa wembe safi, vaa glavu, kausha siku hiyo hiyo, na kwenye kila mfuko andika tarehe. Wewe mwenye kopo la peptidi chini ya kitanda, lipeleke kwa daktari wako, na vidonge alivyokuandikia uendelee navyo. Sisi kwetu tumerudi kwenye kaptoprili. Jana asubuhi, kwenye daftari lile lile la bakuli za Kilo, niliandika: shangazi, saa moja na nusu, kidonge kimemezwa, presha 138 kwa 84.